Ngwe ya Katikati

Nilipofiwa na mtoto wa pili sikulia sana. Watu wa Gesima walinisifu kwa uvumilivu, nami nikawaacha wanisifu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka hata kulia. Nilikaa jikoni nikiutazama moto mpaka ukazimika. Chakula nilipika, sikula. Nikisikia mtu anapita njiani, moyo ulinidunda nikidhani analeta habari za msiba mwingine. Sikuwa na homa wala wazimu, kwa hiyo hapakuwa na dawa ya kunipa.

Mama mkwe wangu hakuniuliza kitu. Alinipa jembe dogo, akasema twende.

Tulikuwa wanawake sita katika egesangio, kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Msimu ule tulipalilia wimbi. Tulichuchumaa kwenye mstari mmoja, kila mtu na ngwe yake, tukasogea pamoja kupanda mlima. Mwenye moyo mzito aliwekwa katikati. Hilo halikutangazwa, ulisukumwa tu kwa kiwiko. Ukiwa pale, wa kulia na wa kushoto walikupunguzia magugu kimyakimya. Ukitaka kusema ulisema ukiangalia chini, na hakuna aliyekukatiza mpaka mfike mwisho wa shamba. Hapo mlinyoosha migongo, na mmoja wao akakupa jambo moja la kufanya kabla ya kukutana tena. Si mahubiri. Kesho njoo tuteke maji pamoja. Keshokutwa pika ugali, ule nikikuona. Mimi niliyesoma kidogo misheni niliyadharau mambo hayo, lakini maji niliteka na ugali nikala, na kabla wimbi halijachanua nilikuwa napata usingizi.

Kosa langu ni kwamba sikutoka katikati. Nilinogewa. Hata nilipopata nafuu niliendelea kukaa palepale, nikidekezwa kama bibi harusi, na kwa kuwa nilikuwa nimezika wawili hakuna aliyethubutu kuniondoa.

Pembeni kabisa, penye magugu mengi, alipalilia mke wa shemeji yangu. Mumewe alikuwa vitani, na barua yake ya mwisho ilisomwa kanisani Sabato nyingi zilizopita. Alikuwa na binti mdogo aliyembeba mgongoni, na mdomo wa kumchekesha hata mchungaji. Tulimpenda kwa mzaha wake, na mtu wa mzaha haulizwi hali.

Asubuhi moja, katika shamba la mama mkwe, alikuja akasimama mbele yangu.

"Dada, leo nipishe katikati," alisema. "Kule pembeni kuna upupu."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikamwambia kwamba katikati ni pa wenye msiba. Yeye ana nini cha kulilia, na mtoto wake huyo mgongoni?

"Kweli," akasema. "Mimi sina kitu."

Akarudi pembeni. Niliona aking'oa magugu pamoja na wimbi. Niliona. Ninaliandika hilo kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba sikuona. Tulipofika mwisho wa shamba tulinyoosha migongo, na hakuna aliyempa jambo la kufanya.

Wiki ileile alisema anakwenda kumwona mama yake, upande wa Masimba, na hakurudi. Mtoto alibaki kwetu, maana mahari ilikuwa imetolewa na mtoto ni wa ukoo wa baba. Hilo hata yeye hakulipinga. Wazee walimfuata mara mbili. Walituambia anakaa tu uani, hasemi ila akisemeshwa. Mama mkwe akataka sote watano tuliobaki twende huko tukalime shamba la mama yake, tumweke katikati hata kwa siku tatu. Mimi ndiye niliyesema ni mbali, na wimbi letu linaliwa na ndege. Wengine wakanifuata. Ndege walikuwepo, ni kweli. Lakini binti yake alikuwa ameanza kulala kwangu, na niliogopa mama yake asije akapona.

Vita vikaisha, mumewe hakurudi. Mtoto aliniita mama, na hakuna aliyemtajia mwingine.

Alipokuwa amekwisha kujua kusoma, nilikutana na mama yake soko la Nyaramba, akiuza ndizi. Alikuwa amekonda. Alinisalimu kwa heshima, akamuulizia mama mkwe, akauliza kama mvua imetutosha. Nikamwomba msamaha kwa yale ya shambani. Akasema hakuwahi kunikasirikia. Mimi nilikuwa na makaburi mawili, na yeye hakuwa na kitu cha kuwaonyesha watu. Kisha akauliza, huku akipanga ndizi zake ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa:

"Huwa ananitaja?"

"Kila siku," nikamwambia.

Akafurahi. Sijasahau jinsi alivyofurahi. Akachagua kichane kilichoiva vizuri kuliko vyote, akasema nimpelekee.

Nyumbani binti akala ndizi mbili kwa mkupuo, akauliza zimetoka kwa nani. Nikamwambia ni za mwanamke mmoja wa sokoni, naye akachukua ya tatu.