Mtambo wa Ijumaa

Niliondoka Dar es Salaam kwenda Tabora kwa sababu wafadhili walikuwa wamechoka kutusubiri. Kwa miaka kadhaa nimeongoza mafundi wa nyanjani katika kazi ambayo hata mke wangu akiulizwa huishia kusema, "Ni mambo ya minara." Tunataka minara ya televisheni, ile ile inayowaletea watu taarifa ya habari na mpira, ibebe pia alama za saa. Kifaa kidogo kikizipata alama hizo kutoka minara mitatu, kinajua kipo wapi na ni saa ngapi hasa, bila kutegemea setilaiti. Radi ikipiga antena ya setilaiti, na Tabora radi haina huruma, minara ya simu hubaki bila saa ya kuiongoza. Sisi tungekuwa akiba. Barua yao ilisema mkaguzi atakuja Jumamosi, na kifaa kikikosea, mradi unafungwa.

Nilisafiri na Neema, mpima ardhi wetu. Aliacha kazi ya serikali, yenye pensheni, kwa sababu mimi nilimwambia kwa kinywa changu kwamba mradi huu una maisha marefu. Hilo lilinielemea kuliko barua yenyewe.

Jumanne, baada ya kulala Dodoma, tulipita Manyoni na Itigi, kisha msitu wa miombo ukatumeza. Hii ndiyo njia ya misafara ya zamani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikata kwa miguu, mzigo begani, jua utosini. Sisi tulikuwa na lami na kiyoyozi, na bado nililalamika kiuno tangu Manyoni. Tuliposimama kununua asali, mama muuzaji aliuliza tunafuata nini Tabora.

"Tunakwenda kupima saa, mama," nikamwambia.

"Mmetoka Dar mpaka huku kwa ajili ya saa?" Alimgeukia Neema. "Binti, mnunulie bosi wako ya mkononi, mrudi zenu."

Neema alicheka mpaka tukaanza safari tena. Sikumsikia akicheka hivyo tena siku zote zilizobaki.

Jumatano asubuhi tulipanda kilimani, nje kidogo ya mji, kwenye mnara. Wenzetu walikwisha maliza minara ya Nzega na Sikonge. Huu ulikuwa wa tatu. Tulipokewa na Mzee Nassor, fundi anayeutunza tangu enzi za matangazo ya zamani, mtu wa mtaa wa Kanyenye, ambaye babu zake walitoka Omani kufuata biashara na hawakurudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Hapa pana mitambo miwili ya kurushia matangazo, na yote mizima. Mtambo usipotunzwa utakuaibisha mbele za watu."

Sakafu ya chumba chake ilikuwa safi kuliko ya hoteli tuliyofikia. Alianza kutueleza tabia za kila mtambo, upi unapenda kupata joto na lini. Nilimkatisha. Nilisema tuna haraka, atuonyeshe tu unaotumika. Akatuonyesha.

Alhamisi tulifunga kisanduku chetu cha kutoa alama za saa na kupima muda ambao alama hutumia kutoka kwenye kisanduku, kupita ndani ya mtambo, hadi kwenye antena juu. Muda huo ndio roho ya kazi yote. Ukigawa sekunde moja vipande milioni, kosa la kipande kimoja tu linakupeleka mita mia tatu kando. Jioni tulijaribu kifaa, kikataja mahali tuliposimama bila kukosea hata upana wa chumba. Nilifurahi kama mjinga. Mzee Nassor naye alifurahi, akatualika kwake Kanyenye kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, tule pilau. Nilimshukuru, nikamwambia kazi haituruhusu.

Ijumaa tulishinda kata za Itetemia na Ntalikwa tukipiga vigingi mahali ambapo mkaguzi angesimama. Sikuona haja ya kujaribu tena kitu kilichokwisha kubali.

Jumamosi saa tatu asubuhi alifika Bi Kiure, mkaguzi, mama mpole mwenye mwavuli na daftari. Tulianzia Itetemia. Nilimkabidhi kifaa mimi mwenyewe. Kilisema tumesimama ng'ambo ya korongo, karibu nusu kilomita kutoka pale tulipokuwa. Nikakizima, nikakiwasha. Kikasema vile vile. Tulikwenda Ntalikwa, kikatuweka katikati ya shamba la mihogo ambalo tulikuwa tunaliona kwa mbali.

"Pengine kinataka tukalime," Bi Kiure alisema. Alijaribu kunifariji, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko kama angenigombeza. Kwenye kigingi cha mwisho alisimama muda mrefu akiandika. "Nasikitika, mhandisi. Mimi naandika nilichokiona."

Jumapili sikutoka chumbani mpaka mchana. Tulipitia hesabu zote mara tatu. Nilipokosa pa kushika, nilimshika Neema. Nilimuuliza kwa sauti ambayo nisingependa mtu amuulize binti yangu: "Hivi wewe vile vigingi ulivipima, au ulivikadiria?"

Alichukua vyombo vyake, akarudi peke yake Itetemia na Ntalikwa kwa pikipiki, akavipima upya vyote. Aliporudi aliweka karatasi mezani, akaenda zake. Vipimo vyake vilikuwa sahihi.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulipanda kilimani kung'oa kisanduku. Neema alisimama nje na kifaa mkononi, mimi nikiwa mlangoni. Ghafla akaita, "Bosi, njoo uone." Namba zilikuwa zimenyooka zenyewe. Kifaa kilijua tulipo, barabara kabisa. Nikageuka ndani. Mzee Nassor alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, daftari lake liko wazi mbele yake.

"Mzee, umefanya nini sasa hivi?"

"Nimerudisha mtambo wa kwanza. Leo Jumatatu." Alinitazama kwa mshangao. "Huu mkubwa adhuhuri hupata joto, hujizima. Siku nyingine nipo, nauwasha. Ijumaa niko msikitini, nani atauwasha? Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi naweka wa pili mpaka Jumatatu, na huu nao unapumzika. Na waya wenu niliuhamisha pia, msije mkakosa matangazo yenu."

Daftari lilionyesha kila Ijumaa, kwa wino mwekundu, kurasa kwa kurasa. Mtambo wa pili ni wa zamani, alama hukawia ndani yake. Hatukuwahi kuupima. Alikuwa ameanza kunieleza Jumatano nikamkatisha.

Nilimpigia Bi Kiure nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nakuamini," akasema. "Lakini mfumo unaoangushwa na mzee mwema anayekwenda kusali, niandike kwamba uko tayari?"

Jumanne tulirudi kwa njia ile ile. Nilimwomba Neema radhi tukiwa Itigi. Alisema, "Yamekwisha, bosi," kisha akaniomba barua ya utambulisho, aanze kutafuta kazi. Niliiandika gari likitembea, na sijawahi kuandika sifa za kweli kama zile kwa moyo mzito kama ule.

Mradi ulifungwa mwezi uliofuata. Nilichojifunza ni kidogo kwa gharama ile: niliupima mnara, nyaya na ardhi, nikaona haraka yangu ni kubwa kuliko maneno ya mtu anayeijua mashine yake. Aliyekuwa tayari kunieleza nilimnyamazisha, na asiye na kosa nikamfokea. Katika ripoti ya mwisho niliandika hivyo, kwamba kosa ni langu, na nikaeleza kwa ukweli wote jinsi mitambo inavyobadilishwa. Ripoti ikapelekwa pia kwa wenye mnara.

Wiki chache baadaye, Ijumaa alasiri, Mzee Nassor alinipigia simu. Alinijulia hali, akauliza watoto, akamuulizia Neema. Kisha akasema ameletewa barua na wenye mnara ya kumkataza kubadilisha mitambo, kwamba kunavuruga vipimo. Mtambo mkubwa ulijizima adhuhuri ile akiwa amesujudu, mji mzima ukakosa matangazo, na wakubwa wamemtaka ajieleze kwa maandishi.

"Vile vipimo vyenu vinaendelea, mwanangu?" aliuliza. "Kama ni kwa ajili yenu, nitavumilia tu."