Nyumba Aliyoipima Fundi Cherehani

Usumani wa Gitega alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na suruali nyingi. Mwaka wa tisini na mbili alitaka kitu kimoja tu: kurudishiwa baraza.

Baraza lenyewe lilikuwa la ile nyumba kubwa aliyoijenga mfanyabiashara kutoka pwani, enzi za babu zetu: kuta nene za udongo, mlango wa nakshi, matao matatu mbele. Cherehani ya Usumani ilikaa chini ya tao la kati miaka ishirini na minane. Mimi niliuza chai ng'ambo ya barabara, kwa hiyo sikusimuliwa, niliona.

Mvua ya Aprili iliangusha ukuta wa nyuma. Mukarugwiza, mjukuu wa yule mfanyabiashara, akaambiwa abomoe yote kabla haijaua mtu. Alilia, kisha akamwambia Usumani, "Mzee, lipime baraza. Nina kiwanja Remera. Nitalijenga vilevile, na wewe utakaa palepale. Lakini iwe vilevile, ama basi."

Usumani alipima siku tatu kwa utepe wake wa shingoni, akiandika kwenye karatasi ya kukatia suruali.

"Unaishonea kanzu?" nilimuuliza.

"Mama Umutoni, koroga chai yako."

Nyumba ikabomolewa. Tuliokoa mlango, na matofali ya tao la kati. Mengine yalikuwa vumbi.

Septemba, Nduwayo mwashi alichora msingi kule Remera kwa kufuata ile karatasi. Tukauleta mlango. Nafasi yake ikawa pana, mlango ukacheza kama jino bovu. Nduwayo akajumlisha matao na nguzo: yakazidi urefu wa baraza zima.

"Muzehe, hii nyumba ndani iko kubwa kuliko nje. Ilikuwa ya majini?"

"Utepe wangu haudanganyi," alisema Usumani, lakini jasho lilimtoka. Akapima mlango mara nne. Akageuza karatasi juu chini. Mukarugwiza alikwishaanza kuitazama barabara, kama mtu anayetafuta mnunuzi wa kiwanja.

Nikachukua utepe mwenyewe. Karatasi iliuzidi mlango vidole viwili kila upande.

"Usumani, ukikata suruali unaongeza nini?"

"Ya mshono," akajibu bila kufikiri.

"Na ukuta unashonwa wapi, mzee wangu?"

Nduwayo alicheka mpaka akakaa chini. "Basi tunapunguza vidole viwili kila mahali, imekwisha!"

"Ngoja." Usumani alishika kichwa. "Siku ya kwanza niliongeza? Au nilianza ya pili? Na kimo... kimo huwa naongeza zaidi, ya pindo. Sijui. Wallahi sijui."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mlango, akainama kama yuko kazini. Kiwiko cha kulia, chenye kovu jeusi, akakitanua polepole.

"Nguzo ilikuwa hapa. Imenichubua miaka ishirini na minane."

Nduwayo akapiga kigingi. Tukapanga yale matofali ya tao kuanzia hapo, yakaonyesha nguzo ya pili.

"Na matao yale mengine?" aliuliza Mukarugwiza.

Usumani alitazama kulia, akatazama kushoto. "Huko sikuwahi kugusa."

Mukarugwiza alimgeukia Nduwayo. "Jenga hilo moja. Mengine tusiyazulie."

Sasa Usumani anashona pale. Kila nikipita ananionyesha penye nyasi: "Mama Umutoni, lile tao lingine lilianzia hapa, ama mbele kidogo?"

Nililitazama miaka yote ile kutoka kwenye sufuria yangu. Sikumbuki.