Pampu Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Mama yangu ana pumu tangu kabla sijazaliwa. Nyumbani kwetu Kibaha ile dawa yake ya kuvuta tunaiita pampu, na inakwenda naye popote, hata chooni. Nimekua nikimwona anaitikisa, anavuta, anabana pumzi huku amenikazia macho, kisha anaendelea na habari palepale alipoikatia.

Mwaka juzi tulikwenda Kurui, kwa mjomba. Binti yake alikuwa anatolewa mwali, na mama, kwa kuwa ndiye shangazi, alitakiwa kucheza mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimenunua simu yenye kamera ya maana, na kichwani mwangu nilishakuwa mpiga video mkubwa. Matokeo yangu ya kidato cha nne nyumbani hatuyazungumzi, lakini ndoto hazidai cheti.

Mama akatoka chumbani na dera la sare, amependeza mpaka nikacheka peke yangu. Ila kifuani palikuwa na uvimbe.

"Mama, umeficha andazi?"

"Andazi wapi," mke wa mjomba akadakia. "Huyo ndiye mchumba wake, hawaachani."

Mama alicheka, lakini nilimwona akijitazama kifuani. "Inaonekana kweli?"

"Kwenye video itaonekana. Nipe nikushikie."

Akaitoa, akanipa taratibu. "Usiende nayo mbali."

"Niende wapi, mama, na mimi nakupiga video wewe?"

Mwanzoni nilimpiga yeye kweli. Alicheza vizuri, kiuno cha kike cha Kizaramo, watu wakamtuza. Halafu mwali akatolewa amebebwa mabegani, ngoma ikakolea, uwanja mzima ukasimama na vumbi nalo likasimama. Nikapanda juu ya rundo la matofali upande wa pili ili nimpate mwali vizuri. Kwenye kioo cha simu nikamwona mama pembeni ameninyooshea mkono. Nikadhani ananipungia. Na mimi nikampungia, nikageuza simu kwa mwali.

Mtu aliyebanwa na pumu hapigi kelele. Hana pumzi ya kupigia. Hilo nililijua tangu mdogo, na siku ile halikunijia.

Nilishtuka mke wa mjomba ananivuta suruali. "Shuka. Mama yako anaishiwa pumzi, pampu anasema unayo wewe."

Tulimkuta nyuma ya jiko la nje, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Nilipoitoa pampu iliniponyoka ikaanguka mchangani. Mvuto wa kwanza ulipotea hewani. Wa pili ukaingia. Mjomba akatafuta gari, tukamkimbiza zahanati, wakamvalisha kinyago cha mvuke wa dawa. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu pumzi zake. Nilikuwa nikikosea hesabu na kuanza upya.

Alipotulia, tabibu akauliza, "Mama, wewe pampu huna?"

Mke wa mjomba akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Ninayo," mama akasema mwenyewe, sauti imekwaruza. "Niliiweka mbali kidogo."

Hakunigombeza pale, wala njiani tukirudi Kibaha. Nilingoja wiki nzima nigombezwe. Badala yake akaniomba video. Nilikuwa nimeshakata kile kipande, nikamwonyesha iliyobaki.

"Hii si yote," akasema. "Nionyeshe yote."

Nikamfungulia ile yenyewe. Tukafika pale anaponyoosha mkono.

"Hapa nilikuwa nakuita."

"Nilidhani unanipungia, mama."

"Najua. Nilikuona unavyopunga." Akaisogelea simu. "Hebu rudisha pale ninapocheza."

Nikarudisha. Akatazama mara mbili, akasema dera lile fundi kalipatia. Nilitamani sana anitukane.

Siku hizi nazijua tarehe za pampu yake kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Naitikisa kuona kama inakaribia kwisha, namfuatia nyingine kabla haijaisha, na uwanja wetu naumwagia maji kabla ya kufagia. Mama anashukuru kila mara, kama mtu anavyomshukuru jirani. Watu wakinisifu kwamba namjali mama yangu, naona haya.

Mwezi uliopita tulikuwa na arusi Ruvu. Kabla ya kuingia uwanjani nikamwambia, "Mama, leta nikushikie vitu, ukacheze."

Akanipa mkoba. Akanipa mwavuli, na viatu, maana alitaka kucheza pekupeku. Pampu aliibakiza mkononi. Nikaendelea kusimama, kiganja changu kiko wazi.

"Hii acha," akasema kwa upole, akaingia kwa wenzake.