Beberu wa Mkanda Mwekundu

Jumamosi hiyo gari la Kibosho lilikwama kwenye matope chini ya kanisa, na abiria wote wakashuka wakilalamika, isipokuwa Hilaria. Yeye alivua viatu, akavishika mkononi, akaupanda mlima mbio. Ndani ya mkoba wake, umefungwa kwa kipande cha kitenge, mlikuwa na mkanda wa njano wa tekwondo, na moyoni mlikuwa na habari iliyokuwa ikimwasha tangu Moshi mjini. Alikuwa amerushwa darasa.

Hilaria alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake kilikuwa karibu na soko la Mbuyuni, na sifa yake kubwa ilikuwa haraka. Ukimpelekea kitambaa asubuhi, jioni unavaa. Mafundi wenzake walisema ndiyo maana mikono ya magauni yake huwa hailingani, mmoja mrefu mmoja mfupi, lakini hao walikuwa na wivu wao na wateja hawakuwasikiliza.

Tekwondo ilimkuta kazini. Mwalimu Efraimu, mtu wa Dodoma aliyejifunza mchezo huo Dar es Salaam kwa Mkorea mmoja kabla ya kuhamishiwa Moshi, alimletea jora la marekani ashone sare nyeupe za wanafunzi wa klabu yake mpya. Hilaria alizipeleka mwenyewe ukumbini jioni, akiwa na nia ya kuziacha na kuondoka. Akamkuta mwalimu amesimama mbele ya vijana, anapaza sauti, "Hana!" na vijana wanarusha teke. "Dul!" Teke lingine. Hilaria akamwinamia kijana aliyekuwa karibu, Godlove wa Marangu.

"Hana nini?"

"Anahesabu, dada. Hana ni moja kwa Kikorea."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauona mguu wa mwalimu ukipanda juu kuliko kichwa cha mtu, ukatulia hapo, ukashuka taratibu bila kumgusa mtu, na kicheko kikamkauka mdomoni. Alitaka mguu wake ufanye vile. Alitaka iwe kesho yake, na ikiwezekana usiku huohuo. Wiki iliyofuata alijishonea sare, suruali pana kwa ajili ya heshima, akajiunga.

Mwalimu Efraimu alikuwa na neno moja ambalo hakuchoka kulirudia. "Kwangu hapandi mtu ambaye hajaiva," alisema kila jioni, na mtihani wake ulikuja mara moja kila baada ya nusu mwaka, hata ungemlilia. Mkanda wake mwenyewe ulikuwa mweusi. Wanafunzi wote walikuwa na mikanda myeupe, maana klabu ilikuwa changa.

Sasa kosa lilizaliwa hapo, na ni kosa ambalo mtu wa Dodoma asingelifanya hata ukimlipa. Mtoto aliyekulia kihambani, kwenye shamba la kahawa la ukoo, haelezwi rangi za kuiva. Ua ni jeupe. Tunda linatoka kijani, linageuka njano, linakuwa jekundu, na hapo ndipo unachuma. Ukilisahau mtini linakauka na kuwa jeusi. Hilaria alipochungulia begi la mwalimu na kuona mikanda ya rangi imerundikana, aliipanga kichwani mwake bila kumuuliza mtu: nyeupe, kijani, njano, nyekundu, nyeusi. Hata mwalimu mwenyewe, ukimtazama, alikuwa mtu mkavu hasa, hana nyama ya akiba popote. Mkanda wa bluu tu ndio uliomsumbua, akaona hayo labda ni mambo ya Wakorea wenyewe.

Mtihani wa kwanza walifaulu watatu tu, yeye, Godlove na binti mmoja wa Machame aitwaye Anaeli. Wote watatu wakapewa njano. Wengine walibaki na nyeupe zao. Hilaria aliupokea mkanda kwa mikono miwili, akajua kwamba wao watatu wameruka kijani kizima.

Basi ndiyo sababu alikuwa akipanda Kibosho pekupeku.

Baba yake, Mzee Primus, alikuwa kwenye kahawa. Hilaria alimwamkia shikamoo akiwa bado anahema, akaufungua mkanda mbele yake. Mzee aliutazama, akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kuugusa.

"Kwa hiyo kijani hukupita?"

"Sikupita, baba. Nimerushwa."

Mzee Primus hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kesho yake baada ya misa aliwaambia majirani wapitie nyumbani, na mbege, pombe ya ndizi, ikatoka. Hilaria alivaa sare. Alitundika jani kavu la mgomba kwenye kenchi ya banda akalipiga teke likapasuka katikati, na uwanja mzima ukashangilia. Jirani yao Priska akauliza ni mume gani atakayethubutu kuchelewa kurudi kwa mwanamke huyu. Hapo mzee akasimama na kibuyu mkononi. Bandani kulikuwa na beberu kijana mwenye mabaka, anatafuna majani ya mgomba.

"Rangi inayofuata ni nyekundu," alisema. "Siku atakapoileta nyekundu hapa, yule namchinja. Nyote mtakula."

Hilaria alirudi mjini akiwa haigusi ardhi. Alifanya mazoezi asubuhi kabla ya kufungua kibaraza, na jioni ukumbini, na katikati alipokanyaga pedali ya cherehani alikuwa akihesabu kimoyomoyo kwa Kikorea. Mtihani wa pili aliucheza vizuri kuliko wote, na mwalimu mwenyewe alisema hivyo mbele ya watu. Kisha akaingiza mkono kwenye begi, akatoa mkanda wa kijani.

Hilaria aliupokea kwa mikono miwili kama kawaida. Alitazama upande, akaona Godlove na Anaeli nao wanafungwa kijani, kila mmoja akiukagua mkanda wake. Alipofika kwenye kibaraza chake aliketi mbele ya cherehani akiwa na hasira na aibu pamoja, na mbele ya macho yake alimwona beberu na majirani wote wakingoja. Lakini Hilaria hakuwa mtu wa kukaa na uchungu muda mrefu, hakuwa na subira hata ya hilo. Akafikiri. Mwalimu amemsifu mbele ya watu, halafu ampandishe kinyumenyume? Haiwezekani. Amechanganya begi. Yeye mwenyewe Hilaria amewahi kumkabidhi mama wa watu suruali ya mchungaji. Alipopata wazo hilo moyo ulimruka kwa furaha, akachukua salio la kitambaa chekundu alichoshonea mashali ya kwaya, akakishona mkanda pale pale. Hatamwaibisha mwalimu. Atauvaa tu, naye akiuona atakumbuka.

Jioni iliyofuata aliingia ukumbini na mkanda mwekundu kiunoni. Minong'ono ikakatika. Mwalimu Efraimu aliuona mara moja.

"Hilaria, huo umeutoa wapi?"

"Nimeushona, mwalimu. Nilijua ule wa kijani umechanganyika kwenye begi. Hata mimi wateja huwa nawapa vifurushi visivyo vyao."

"Na kwa nini mwekundu?"

"Si nimeiva?"

Mwalimu hakucheka. Alimwonyesha nafasi ya mbele kabisa, mahali anaposimama mkubwa wa wanafunzi. "Sawa. Mwekundu anasimama hapo. Anza mapigo ya mkanda mwekundu."

Hilaria hakuyajua. Alianza na yale aliyoyajua, akayamaliza mapema, akabaki amekunja ngumi huku hana pa kuzipeleka. Mwalimu akamwambia arushe teke la kuzunguka hewani. Aliruka, maana hakuwa mwoga, akazunguka nusu, na nusu nyingine akaimalizia kwa makalio sakafuni. Alipoinuka, Anaeli aliziba mdomo kwa mkono. Jasho lilikuwa limekilowesha kitambaa cha kwaya, na wekundu ulikuwa unachuja, umeteremka kwenye sare nyeupe kutoka kiunoni hadi magotini.

"Nani alikuambia nyekundu inafuata njano?" mwalimu akauliza, sasa kwa upole.

Hilaria akaeleza. Alieleza ua, akaeleza tunda, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopungua. Kisha Godlove akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mimi nilidhani umenishusha. Nikaona labda ni adhabu ya kuchelewa."

Na Anaeli naye akanyoosha. "Mimi nilimwambia mama nimefeli."

Hapo mwalimu akashindwa. Alicheka akiwa ameshika ukuta, na ukumbi mzima ukamfuata, na Hilaria, alama nyekundu zikimtiririka miguuni, akajikuta anacheka kuliko wote. Mwalimu alipotulia akawaeleza. Kwa Wakorea njano ni udongo, ambamo mbegu inapandwa. Kijani ni mche unapotokeza. Bluu ni mbingu ambayo mti unaielekea. Nyekundu huja baada ya hayo yote. Akakiri kwamba alipaswa kuwaambia siku ya kwanza, ila hakuwaza habari za kahawa, maana kwao Dodoma hata mti mmoja wa kahawa haukui.

"Kosa la rangi ni letu sote," alisema. "Lakini mkanda, Hilaria, umejipa mwenyewe. Mtihani ujao utakaa nje unatazama."

Hilo lilimchoma. Lililomchoma zaidi ni kwamba ilimbidi apande tena Kibosho, safari hii na viatu miguuni, akamweleze baba yake. Alimkuta kwenye kahawa palepale. Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza kwinini.

"Kwa hiyo hukurushwa," mzee alisema.

"Sikurushwa, baba."

"Basi beberu atasubiri," akasema, akamkabidhi kikapu.

Mwaka huo ndio wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika vijijini na magari yao, na walikuwa wakichukua chochote. Majirani walikuwa wakikamua tawi zima kwa mkupuo mmoja, kijani, njano na nyekundu pamoja. Mzee Primus hakukamua. Alichukua tunda moja moja, akalibonyeza kwa dole gumba na kidole cha shahada, na likiwa limeiva punje ziliteleza nje zenyewe. "Hii imeiva," alisema. Likigoma, alisema, "Hii bado," akamwonyesha Hilaria aliyelichuma, wala hakumkemea. Mti uliochumwa leo wataurudia wiki ijayo, na wiki itakayofuata. Hilaria alichoka, alikasirika, alitamani kukamua. Lakini kufikia jioni vidole vyake vilikuwa vimeanza kujua kabla macho hayajaona, na jambo hilo lilimfurahisha kwa namna ambayo hakuitarajia.

Priska alimpa jina jipya. "Kijani hajambo?" alimuuliza kila Jumapili nje ya kanisa, na watu wakacheka, na Hilaria akajibu hajambo, huku uso unawaka moto.

Mtihani uliofuata alikaa nje, akawashikia Godlove na Anaeli viatu wakati wanapewa bluu. Aliporuhusiwa tena alichukua bluu yake, na kwa mara ya kwanza hakukimbia nayo nyumbani. Aliifanyia kazi. Teke lile la kuzunguka hewani lilimwangusha mwaka mzima, mpaka jioni moja likamrudisha chini kwa miguu yake miwili, kimya, na yeye mwenyewe akashtuka na kuangalia nyuma kama kuna mtu amelirusha kwa niaba yake. Wateja nao walianza kusema mikono ya magauni yake siku hizi inalingana.

Na Kibosho beberu alizidi kuzeeka. Binamu yake Hilaria alipooa, wazee walimtaka beberu yule. Mzee Primus akaenda sokoni kununua mwingine. Krismasi ikaja, ikapita. "Huyu ana kazi yake," alisema kila alipoulizwa, akamtupia majani ya mgomba. Hilaria alilisikia hilo kutoka kwa mama yake, akaingia jikoni akajifanya moshi unamuumiza macho.

Siku alipopanda na mkanda mwekundu, Mwalimu Efraimu alipanda naye, kwa sababu alisema anataka kuiona kahawa hiyo iliyomharibia klabu. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani. Priska alikuwa wa kwanza kufika, na kata ya maji mkononi.

"Tuuloweshe kwanza tuone kama unachuja."

Hilaria akauvua, akampa. Priska akaulowesha, akaukamua kwa nguvu zake zote, na maji yakatoka meupe. Watu wakapiga vigelegele. Kisha Hilaria akaufunga ukiwa umelowa, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaruka, akazunguka hewani mzunguko mzima, na jani kavu la mgomba lililotundikwa juu kuliko safari ile likapasuka vipande viwili. Alitua kwa miguu yake.

Mzee Primus hakushangilia. Alimwendea polepole, akauchukua mkono wa binti yake uliokuwa bado umekunja ngumi, akaibonyeza ile ngumi kwa dole gumba na kidole cha shahada. Hilaria alikuwa amepigana na watu wakubwa kuliko yeye, lakini hapo vidole vyake vilifunguka vyenyewe.

"Hii imeiva," mzee akasema.

Akamwachia, akageuka akaenda bandani kumfungua beberu. Nyama ilikuwa ngumu ajabu, waliitafuna hadi giza likaingia, na hata Priska hakulalamika.