Mjomba Alipohama Bima

Kariakoo mtu habembelezi. Ukiona muuzaji anakuzungusha, unavuka barabara. Upande wa pili kuna bidhaa ileile na mtu anayekuita bosi. Mjomba wangu ameishi hivyo maisha yake yote. Amehama mafundi, wauza matairi, hata vinyozi, na kila alipohama alinieleza kwamba asiyejali fedha yako hastahili kukuona tena.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa yake, mimi nilikuwa dereva. Tulibeba vyombo vya nyumbani kutoka maghalani kupeleka kwenye maduka ya Upanga, na vingine tulivishusha kwenye kivuko kwa watu wa Kigamboni. Ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba mbili, ya kwake na ya mama yangu. Hatukuwa na kingine.

Asubuhi moja nilikuwa nimeegesha nikingoja mzigo. Lori la kontena liliingia mtaa ule mwembamba kimakosa, likashindwa kupita, likaanza kurudi nyuma. Nilipiga honi. Liliendelea kuja. Ubavu wa kirikuu ukabonyea kama kopo na pua yake ikabanwa kwenye nguzo ya ghorofa. Dereva wa lori akashuka, akatazama, akapanda tena, akaondoka. Namba zake za nyuma zilikuwa zimejaa tope. Nilitokea mlango wa pili nikiwa mzima. Wachukuzi wakaniambia nimshukuru Mungu, nikamshukuru.

Mjomba alikuwa amekata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika. Tulikwenda polisi, kisha tukapeleka karatasi zao kwenye ofisi ya bima. Dada wa mapokezi alitusikiliza vizuri. Alisema madai yamefunguliwa, mkaguzi wao atakuja kulitazama gari, na mpaka aje tusiguse kitu.

Mkaguzi hakuja. Mjomba akipiga simu aliambiwa yuko njiani, au yuko mkoani, au apige kesho. Kirikuu ikakaa uani, kuku wakawa wanalala juu yake. Mwenye ghala aliyekuwa akitupa kazi, mtu mpole wa Kilimanjaro, alituvumilia, kisha akachukua kirikuu nyingine. Alinipigia mwenyewe kuniomba radhi. Na bima nayo ilikuwa inakaribia kuisha.

Hapo mjomba akavuka barabara. Alivuka kwa miguu yake, maana ofisi ya bima nyingine ilikuwa inatazamana na ile ya kwanza. Wakala wa huko, kijana mcheshi, alituletea maji ya baridi. Mjomba akamuuliza kuhusu madai yetu. Kijana akasema hayo hayana shida: ajali ilitokea ukiwa kwao, watalipa wao, hata ukihama leo. Ila kwa bima kubwa, akaongeza, lazima kwanza yeye alipige picha gari likiwa zima.

Mjomba aliyachukua maneno hayo mawili akayaunganisha. Kesho yake kirikuu ilivutwa hadi mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kunyoosha bodi.

"Mjomba, mkaguzi bado hajaja," nikamwambia.

"Akija atakuta gari zuri. Kwani kuna mtu anachukia kuona kizuri?"

Fundi akacheka. "Huyu dogo anataka tutunze kidonda."

"Walisema tusiguse."

"Walisema pia kwamba watakuja," mjomba akasema. "Mbona hilo hulikumbuki?"

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Fundi yule alikuwa hodari wa sura. Alitoa mlango uliokunjika akaweka mwingine, akabadilisha bampa, akagonga, akapaka puti, akapuliza rangi. Wakala akaja kupiga picha zake, akatukatia bima mpya. Wiki hiyohiyo mkaguzi wa bima ya zamani akafika.

Alikuwa mtu mzima mstaarabu. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akaizunguka kirikuu taratibu, kisha akauliza palipogongwa ni wapi.

Mjomba akapitisha kiganja juu ya rangi mpya. "Hapa. Palikuwa pameingia hivi," akasema, akitanua mikono kama muuza samaki.

Mkaguzi akaomba basi aone vyuma vilivyotolewa. Tukaenda naye Gerezani. Fundi alishangaa hata kuulizwa. Mlango na bampa aliviuza kwa mtu wa chuma chakavu siku ileile alipovitoa. Gerezani chuma hakilali. Picha tuliyokuwa nayo ni moja, kwenye simu ya mjomba, nayo ilionyesha mgongo wa mchukuzi na kipande cha taa.

Tukaitwa ofisini. Mkubwa wa pale hakutufokea.

"Mzee wangu, hatukatai kwamba uligongwa," alisema. "Karatasi ya polisi inasema uligongwa. Lakini haisemi kiasi gani, na mimi siwezi kulipia nisichokiona."

"Mlichelewa," mjomba akasema.

"Ni kweli, tulichelewa."

Akakubali hivyo tu, na hakuna kilichobadilika.

Kirikuu ilirudi barabarani, lakini chini ya ile rangi chesisi ilikuwa imepinda. Ikibeba mzigo ilivuta kushoto, ikawa inakula matairi, na wenye mali wakaanza kuogopa kutupa vyombo vya kuvunjika. Bima mpya walipoulizwa walisema ugonjwa huo gari lilikuja nao. Mwishowe mjomba alimuuzia fundi yuleyule, aikate vipuri. Sikwenda kuangalia.

Siku hizi nasukuma mkokoteni. Nikipita mtaa ule wa bima asubuhi namwona mjomba kupitia kioo, ameketi kwenye viti vya mapokezi, mikono mapajani. Faili lake lilishafungwa. Yule dada amemweleza mara nyingi, kwa upole. Humwamkia shikamoo, naye hujibu marahaba, kisha huendelea kukaa. Anamngoja mkubwa, ambaye siku hizi hutokea mlango wa nyuma.

Juzi niliingia kumchukua twende tukale. Aliniambia nitangulie.

"Nikiondoka," alisema, "wataona sina shida."