Saa Tisa Usiku kwenye Kioo cha Kamera

Mimi ni mtu wa kushuku, na nasema mapema ili msije mkanihurumia pasipostahili. Muuza maziwa akinipimia, macho yangu yako kwenye kidole chake, kisizame kikombeni. Fundi akiniambia njoo kesho, namuuliza kesho ya lini. Mume wangu alikuwa akinicheka kwa hilo. Yeye ni Mnyamwezi wa Bukene, kizazi cha wale waliobeba mizigo ya watu kichwani kutoka huku kwetu hadi pwani, miezi kwa miezi, bila kulegeza kamba waone ndani kuna nini. "Wewe," ananiambia, "ungefungua kabla hatujatoka Tabora." Sikuwahi kubisha, maana ni kweli.

Yeye naye alikuwa na lake la kuchekwa. Ana saa ya mkononi aliyoachiwa na baba yake, na kama baba yake, ameitega Kiswahili: ikiwa saa tatu asubuhi, mshale mfupi unasimama kwenye tatu, siyo kwenye tisa kama saa za watu wengine. Nimemtania miaka ishirini. Namwambia mwizi akiiba saa hiyo atachelewa kila mahali maisha yake yote.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina chumba kimoja Gongoni, Tabora mjini, kitambaa cha bluu ukutani, stuli moja, taa mbili. Harusi zipo, mahafali yapo, lakini kinachonilisha ni picha za pasipoti. Aliyenifundisha kazi alikuwa mkali, na jambo alilonikazia kuliko yote ni kwamba kioo cha nyuma ya kamera kisiaminiwe kwa macho. Juani kila picha utaiona nyeusi, kivulini kila picha utaiona nzuri. Ukitaka ukweli, bonyeza kitufe cha kutazama picha, ubonyeze tena mpaka namba zitokee pembeni: kasi, tundu la lenzi, ISO yaani wepesi wa kushika mwanga, tarehe na saa. Usitazame sura, soma namba. Maneno hayo nimeyasema nyumbani na kazini mpaka watu wamechoka.

Basi nilikwenda Igunga kupiga harusi ya siku tatu. Nikachukua kamera mpya, nikafunga studio, ufunguo nikaondoka nao. Kamera ya zamani nikaiacha chumbani kwetu, kabatini, haina betri ndani. Betri yake huwa naiweka kando kwenye kikopo.

Niliporudi nikakuta betri imo ndani ya kamera.

Mtu mwingine angesema labda nilisahau. Mimi nikafunga mlango wa chumba kwanza, ndipo nikaiwasha. Nikabonyeza kutazama. Picha tatu mpya, zote za giza. Mwanamke nisiyemjua ameketi, anatazama kamera moja kwa moja, hacheki. Nyuma yake shuka langu jeupe lenye maua pembeni. Kichwa chake kiko wazi, nywele zinaonekana, na kitambaa chake cha njano kimelala juu ya kitanda changu. Nikabonyeza tena, namba zikatoka. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi, siku niliyokuwa Igunga. Saa, 03:05.

Saa tisa usiku. Nilikaa kitandani, kisha nikasimama upesi kama niliyekalia siafu, kwa kuwa kitanda chenyewe ndicho hicho.

Sikusema kitu siku nne. Wanaonijua watashangaa, lakini mtu anayeshuku kweli hasemi, anakusanya. Nilinusa shuka. Nilihesabu vikombe. Mume wangu, ambaye anauza asali sokoni, simu yake ikilia hutoka nje kuipokea kwa kuwa ndani kwetu mtandao haushiki. Hutoka hivyo tangu tuhamie nyumba ile. Wiki ile nikaanza kutoka nyuma yake nimebeba ndoo, kana kwamba nafuata maji. Usiku nilikuwa macho nikisikiliza anavyopumua, na niseme wazi, nilikuwa naogopa. Mwanamume yule nilimpenda, na nilikuwa naona namna nitakavyobaki peke yangu kwenye nyumba ile.

Jumapili mchana nikaweka kamera mezani kando ya ugali, kioo kinawaka.

"Huyu ni nani?"

Akainama akatazama. "Huyu? Mama mmoja wa Ulyankulu, mteja wako. Alikuta studio imefungwa, akaelekezwa hapa. Nikajaribu kumpiga, ikatoka giza, nikamwambia arudi ukiwepo. Nilisahau kukwambia."

"Alikuja saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tatu."

"Soma hapo pembeni."

Akaisogeza mbali na macho, miwani hakuwa nayo. "Vinamba vyako hivyo mimi sivioni."

"Inasema saa tisa usiku."

Akacheka kidogo, akidhani natania. Aliponiangalia akaacha. "Mke wangu, ilikuwa asubuhi."

"Kamera ni mashine," nikamwambia. "Haina shangazi wala mjomba wa kumtetea. Mmoja kati yenu anaongopa, na hii haijawahi kuniongopea."

Alinawa mikono kabla hajamaliza kula. Akasema kama miaka ishirini hainitoshi, yeye hana shahidi mwingine. Nikamjibu kwamba shahidi ninaye, ana betri. Nilijiona nimesema neno la maana sana. Hatukusemeshana wiki nzima, na mwisho wa wiki akabeba mkoba mmoja akaenda Bukene kwa kaka yake, kwenye mashamba ya mpunga. Hakugombana. Aliacha dumu la asali limejaa na mlango umefungwa vizuri.

Siku kama tano baadaye, mlangoni pa studio akasimama mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani. Nilikijua kabla sijamjua yeye. Ndani alikuwamo mama mmoja wa Kiarabu mwenye duka la nguo mjini, mteja wangu wa siku nyingi, anasubiri picha zake zikauke.

"Hodi, dada," akasema yule mwanamke. Mkononi alikuwa na fomu imefungwa kwenye nailoni. "Nilikuja siku ile hukuwepo, baba akani..."

"Baba yako anakaa hapa?"

Akaitazama fomu yake.

"Hapa hatupigi," nikasema. "Nenda kapigwe kulekule ulikopigwa usiku."

Alinitazama kwa muda. Akaikunja ile nailoni mara mbili, akasema, "Sawa, dada," akaondoka kwa mwendo wa kawaida tu. Nilifurahi. Hata haya hana, nilijisemea, amekuja mpaka kazini kwangu.

"Umemjua?" akauliza yule mama wa Kiarabu.

"Namjua."

"Mh," akasema. Mh yake hiyo nikalala nayo.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika tangu jioni, asubuhi betri ya kamera mpya ikawa imekufa. Akaja mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi, anataka picha za pasipoti, ana haraka. Nikachukua ile ya zamani, ambayo tangu ugomvi ule ilikuwa mkobani mwangu, betri yake ndani. Nikamkalisha karibu na mlango penye mwanga, nikamwambia kama ninavyowaambia wote kila siku: vua kilemba, masikio yaonekane, usicheke. Akavua kilemba akakiweka mapajani. Nikapiga, nikatazama kioo.

Giza. Mwanamke kichwa wazi, hacheki, kilemba chake mapajani.

Nikabonyeza namba zitoke. Kasi moja kwa mia tano, tundu tano nukta sita, ISO mia mbili. Chini yake, 04:20. Nikainua macho kwenye saa ya mkononi ya mwalimu. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Nilisimama hapo na kamera usoni kama ninayepiga, kumbe sipigi. Namba zile tatu za juu ndizo zilizokuwa pia kwenye picha za Jumamosi, na zilikuwa zangu mimi. Nilizipanga mwenyewe mara ya mwisho nilipoitumia kamera ile, kwenye mahafali, jua la saa saba linapasua vichwa, nikaitoa betri nikaifungia bila kuzirudisha. Kwa namba hizo za jua kali, saa tisa usiku, chini ya balbu yetu ya chumbani, usingepata uso wala kitambaa wala ua la shuka. Ungepata weusi wa sufuria ya kuni. Uso ulionekana kwa kuwa dirisha la chumba chetu linatazama mashariki na jua lilikuwa limeshaingia. Na kamera ile ikikaa sana bila betri hupoteza majira. Ukiiwasha inakuuliza tarehe na saa, na haikuachii mpaka uijibu. Mume wangu aliijibu. Alitazama mkononi kwake, mshale uko kwenye tatu, akaandika tatu.

Miaka ishirini naicheka saa ile. Namba zote zilikuwa mbele yangu pamoja, nami nikasoma moja, ile niliyokuwa naitafuta.

"Imetoka vibaya?" akauliza mwalimu.

"Hapana, kosa langu," nikasema, nikazirekebisha namba, nikampiga upya.

Umeme uliporudi nikaitia ile picha ya Jumamosi kwenye kompyuta, nikaiongeza mwanga. Uso ukapanda taratibu. Mwanamke wa rika langu, amechoka, mabega sawa, masikio yote mawili yanaonekana. Shuka langu limebanwa juu kwa vibanio vya nguo, limenyooshwa lisiwe na kunyanzi. Stuli ya jikoni imesogezwa mbali na ukuta ili kivuli kisianguke nyuma ya kichwa. Mume wangu sijamfundisha kupiga picha hata siku moja. Amenisikia tu nikiwaambia watu, na siku hiyo alifanya kila kitu nilichowahi kusema, isipokuwa namba, kwa kuwa namba nilizificha nijue peke yangu. Nililia hapo kwenye kompyuta kwa sauti. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na sikuwa na wa kuniambia.

Nikasafisha picha nne ndogo za uso ule, nikazitia kwenye bahasha, nikaenda Bukene.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake anashona magunia. Nilimwamkia shemeji, akaitikia marahaba, akatupisha. Nikaanza. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Tabora, na nikayasema yote: nimekukosea, nimekudhalilisha, kamera ilisema kweli ila mimi sikuisoma, rudi nyumbani. Alishona gunia moja lote akinisikiliza. Kisha akakata uzi.

"Yule mama alipata picha zake?"

Katika maneno yote niliyoyapanga, hakuna hata moja lililomtaja yule mama.

"Mama yake mzazi anaumwa, yuko Burundi," akaendelea. "Aliniambia akiwa pale kwenye stuli. Alitaka hati ya kusafiria, na ofisi inataka picha. Ndiyo maana niliitafuta betri. Alipata?"

"Alikuja. Nikamfukuza."

Aliweka sindano chini. Akaingia ndani akatoka na mkoba wake, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi, nikasema ahsante mume wangu, twende nyumbani.

"Nyumbani baadaye," akasema. "Kwanza Ulyankulu."

Tulimpata Jumapili, watu wanatoka misa. Nilionyesha picha kwa wanawake watatu, wa nne akatupeleka mpaka mlangoni. Alikuwa anapepeta maharage uani, kichwani kitambaa cheusi. Alimpa mume wangu mkono kwa furaha, akamwita baba, akatutolea viti. Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akazitoa picha moja moja, akazitazama.

"Nimetoka vizuri," akasema. "Ahsante, dada. Mama tumemzika Jumanne iliyopita. Yaani wao wamemzika, mimi nililetewa habari."

Nikasema pole. Mume wangu alikuwa anatazama maharage kwenye ungo.

Akazirudisha picha kwenye bahasha, akaziweka mapajani, akaniuliza kwa upole kabisa, bila kinyongo, kama mtu anayetaka tu kuelewa: "Siku ile, dada, ulinifananisha na nani?"

Nikamwambia sikumfananisha na mtu. Nikamwambia sikumtazama.