Siku Mwalimu Veronika Alipokosea Hesabu

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu shuleni, nikamwona msichana wa chuo cha ualimu akifundisha huku akitupia jicho nyuma ya darasa. Mkufunzi wake alikuwa ameketi nyuma, anaandika. Nikamkumbuka Mwalimu Veronika.

Nilipokuwa mtoto alikuja shuleni kwetu Usoke kufanya mazoezi ya kufundisha, na gauni lake lilinukia sabuni ya mche. Alasiri moja Mzungu mkaguzi aliingia darasani, akaketi nyuma yetu na daftari. Mimi niliamini anaandika majina ya watu wa kufungwa jela. Darasa zima tulisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi.

Mwalimu Veronika akaandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne.

“Mwalimu, ni hamsini na sita,” nikaropoka.

Kalamu ikakwaruza tena. Nikaanza kulia, kwa kuwa nilijua nimemfunga mwalimu wangu. Yeye aliutazama ubao, akafuta.

“Kweli, nimekosea. Njoo utuandikie, Kalunde.”

Niliandika huku machozi yananidondoka. Kengele ilipogongwa nikamfuata nje.

“Nisamehe, mwalimu. Watakupeleka jela?”

Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

“Nani alikufundisha saba mara nane?”

“Wewe, juzi.”

“Basi mkaguzi ameona kwamba nimefundisha.”

Alifaulu, akapangiwa shule ya Kaliua. Leo najua kwamba cheti chake kilikuwa mikononi mwa yule mkaguzi, na kwamba neno moja la ukali lingetosha kuninyamazisha maisha yangu yote. Mwalimu Veronika hakulitamka.